Mama Atapumzika Wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mama yetu ana miaka 76, tunaishi Dodoma. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akisema ipo siku ataiona bahari na kufika Unguja. Baba amefariki mwaka jana, na sisi watoto tumechanga fedha ili tumpeleke. Ana presha, na magoti yanamsumbua, anatembelea mkongojo. Kaka yetu mkubwa anasema tutamtesa bure, tumwache apumzike nyumbani. Tumepata siku nne. Inawezekana kweli? – Binti wa Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa msiba. Inawezekana. Mpelekeni.

Mimi nimezaliwa Malindi ya Unguja, ndani ya Mji Mkongwe wenyewe, na mama yangu mzazi nilimrudisha kuutembelea akiwa na miaka 79, magoti yamekwisha. Siku ya kwanza nilikosea vibaya. Nilikuwa na karatasi yenye sehemu nane za kumwonyesha. Tulipotoka ya tatu akasimama katikati ya kichochoro, akashika ukuta, akaniambia, "Mwanangu, mimi basi." Pembeni palikuwa na baraza ya nyumba ya watu, ile ya mawe iliyopakwa chokaa, imelainika kwa kukaliwa miaka na miaka. Nikamkalisha. Nyuma yake ulikuwa mlango wa nakshi, na mkono wake ukawa unapapasa ule mnyororo uliochongwa kwenye fremu, tundu baada ya tundu, kama anayehesabu tasbihi. Bibi mwenye nyumba akafungua, akatukuta, akarudi ndani na kutoka na maji na halua kwenye kisahani. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mama alikuja kuisimulia baraza ile mpaka mwisho wa maisha yake, na zile sehemu tatu sikumsikia akizitaja hata siku moja.

Tangu hapo, nikipanga safari ya mtu mzima naanza na swali moja: atapumzika wapi? Nikishajua viti viko wapi, vya kuona vinajipanga vyenyewe. Na Mji Mkongwe una neema hiyo, kwa sababu nyumba nyingi zina baraza nje. Mzee akikaa na kutoa salamu hakuna wa kumwondoa.

Sasa safari yenyewe. Treni ya SGR imewarahisishia sana watu wa Dodoma tangu ilipoanza mwaka 2024, kwani ile ya haraka inafika Dar es Salaam chini ya saa nne. Lakini msishuke kwenye treni mkakimbilia bandarini. Laleni Dar usiku mmoja, mpande boti ya asubuhi mkiwa mmepumzika. Hapo bahari pia huwa imetulia kuliko mchana. Kivuko ni kama saa mbili. Mama asikae mbele kabisa wala ghorofa ya juu: omo hupanda na kushuka na kila wimbi, katikati kuelekea tezi, yaani nyuma, ndiko kuliko na utulivu. Mwezi wa sita hadi wa nane kusi huvuma kwa nguvu na boti huchezacheza. Machi hadi Mei kuna masika, vichochoro vinateleza. Kama mnaweza kuchagua, nendeni Septemba au Oktoba. Asubuhi ale kidogo, mkate na chai ya tangawizi vinatosha. Vidonge vya kuzuia kichefuchefu vinafaa, ila kwa kuwa ana presha muulizeni kwanza daktari wake.

Na hapa nawasihi mnisikilize vizuri. Wazee wengi siku ya safari huacha kimyakimya ile dawa ya presha inayokojolesha, kwa kuogopa kuhangaika na choo mbele ya watu. Mama yangu alifanya hivyo, nikagundua jioni miguu yake ilipokuwa imevimba. Mwulizeni daktari mapema kama saa ya kuimeza inaweza kusogezwa, na mwambieni mama wazi kwamba kwenye treni choo kipo na kwenye boti kipo, na mmoja wenu atamsindikiza. Asipoondolewa aibu hiyo atajinyima maji, na kwa joto la pwani hilo ni hatari. Dawa zote zikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na kitambulisho chake, kwani kinahitajika kwenye tiketi. Zisiingie kwenye begi linalopakiwa.

Malazi: nyumba za zamani zilizogeuzwa hoteli zinapendeza sana kwenye picha, lakini ngazi zake za mbao zimesimama wima kama unapanda mnazi. Kabla ya kulipa, pigeni simu muulize mambo matatu. Kuna chumba cha chini? Choo ni cha kukaa? Teksi inaishia wapi, na kutoka hapo ni hatua ngapi mpaka mlangoni? Magari hayaingii vichochoro vingi. Mimi niliwahi kujibiwa "ni hapo karibu tu", tukatembea dakika kumi na tano na mizigo.

Siku mtakayofika msifanye kitu. Alale. Saa kumi na nusu jioni mpelekeni Forodhani, ambako teksi inafika kabisa na viti vipo. Akikaa pale ana bahari mbele, Ngome Kongwe nyuma yake, na Beit el Ajaib jirani. Jumba hilo lilijengwa mwaka 1883 na Sultan Barghash, na mnara wake na upande mmoja vilianguka Desemba 25, 2020. Limtazameni kwa nje, inatosha. Vijana watakuwa wanachupa baharini kutoka ukutani, na hilo peke yake litamchukua nusu saa. Jua likizama majiko yanawashwa. Mnunulieni juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, na kama atataka urojo muombeni muuzaji apunguze chumvi na pilipili. Mishkaki iwe michache.

Kesho yake, asubuhi kabla jua halijawa kali, nendeni Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Mwaka huohuo ndipo kanisa la Anglikana lilipoanza kujengwa juu ya uwanja wake. Vile vyumba vya chini ambamo husemwa watumwa walifungiwa vina ngazi za kushuka, na dari yake ni fupi mno, mtu mzima lazima ainame. Msimlazimishe kushuka. Uani kuna shimo lenye sanamu za watu watano waliofungwa minyororo shingoni, na hilo analiona akiwa amesimama juu bila kukanyaga kidato. Niliona wazee wengi wakibaki pale muda mrefu, kimya. Mpeni nafasi hiyo, msimharakishe kwa ajili ya picha. Kisha mwingize kanisani akae kwenye benchi, kuna ubaridi.

Mchana arudi alale tena.

Na bahari je? Hiyo ndiyo ndoto yake, kwa hiyo msiiache iwe ya kuangalia kwa mbali. Jioni nendeni ufukweni upande wa Shangani, maji yakiwa yamejaa, ili asitembee mbali kwenye mchanga. Ombeni au kodini kiti cha plastiki, kiwekeni pale wimbi linapofikia, mvueni viatu, mmoja wenu asimame nyuma akishikilia kiti maana mchanga huliwa na maji miguu ya kiti ikazama. Mfungeni kanga vizuri, aache miguu ioshwe. Magoti yake hayatahusika kabisa.

Siku ya nne ni ya boti. Mkiweza, ongezeni siku ya tano kwa ajili ya treni ya kurudi Dodoma. Na kaka yako mwombeni aje naye. Anayehofia mama kuteseka ndiye anayefaa kushikilia kile kiti.

SWALI: Mimi ni mzee wa miaka 71, naishi Nairobi. Nataka kumpeleka mjukuu wangu Mombasa aone Fort Jesus. Natumia treni. Nijihadhari na nini? – Babu wa Nairobi

JIBU: Hongera mzee mwenzangu. Jihadhari na foleni za ukaguzi kwenye stesheni, pale mizigo inapowekwa chini ikanuswa na mbwa na kuinuliwa tena. Fika mapema, beba begi moja la magurudumu, na mruhusu mjukuu aliinue. Treni ikifika Mombasa hujafika mjini bado. Stesheni iko Miritini, kwa hiyo panga usafiri kabla hujashuka, usianze kubishana bei na giza linaingia.

Ngome yenyewe Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Uwanja wake wa ndani hauna kivuli cha kutosha na sakafu haiko sawa, kwa hiyo vaa viatu vya soli ngumu na uingie asubuhi saa mbili. Ukichoka kaa ndani ya jumba la makumbusho, mjukuu apande ukutani aangalie bahari kisha arudi akusimulie. Mji wa Kale uko jirani pale, mnaweza kuingia kidogo tu, mpaka penye kahawa.

SWALI: Nina miaka 69, mjane, nina afya njema. Wanangu hawataki nisafiri peke yangu kwenda Tanga kumtembelea dada yangu. Niwajibu nini? – Bibi wa Moshi

JIBU: Dada yangu, waoneshe kwamba umejipanga. Andika kwenye kadi ndogo majina ya dawa zako na vipimo vyake, ugonjwa kama upo, na namba mbili za simu, moja ya Moshi na moja ya Tanga. Iweke nyuma ya kitambulisho chako. Kata tiketi ya basi la asubuhi ili ufike jua halijazama, omba kiti cha karibu na mlango, kisha mpe namba ya basi yule mwanao mwenye wasiwasi kuliko wote. Mwambie akupigie ukifika Korogwe. Dada yako naye akusubiri stendi, siyo nyumbani.