Kutafuta Kiwango cha Zamani kati ya Sarafu Mbili Zisizouzwa Pamoja

Anayeuliza dola ya Marekani ilikuwa sawa na yeni ngapi za Japani siku fulani ya mwaka 1998 atapata jibu bila taabu, kwa kuwa sarafu hizo ziliuziana sokoni kwa wingi siku hiyo. Anayeuliza cedi ya Ghana ilikuwa sawa na kwacha ngapi za Zambia anauliza bei ambayo huenda hakuna aliyeitaja siku hiyo. Kazi yangu ni kupitia hesabu za zamani za mashirika yenye matawi katika nchi kadhaa, na swali la namna hii hunifikia mara kwa mara. Ushauri wangu ni kutochukua jibu lililokwisha kukokotolewa mtandaoni, bali kulikokotoa mwenyewe kutokana na viwango vya dola vilivyotangazwa na benki kuu za nchi zote mbili.

Hesabu yenyewe ni kugawanya tu, lakini ni lazima bei zinazogawanywa ziwe za aina moja. Tuseme benki zinanunua dola kwa 10.00 na kuiuza kwa 10.20 katika sarafu ya kwanza, na kwa 500 na 510 katika sarafu ya pili. Bei za kati, yaani 10.10 na 505, zinatoa kiwango cha 50 kamili. Ukichanganya bei ya kununua ya upande mmoja na ya kuuza ya upande wa pili, unapata 49.02 au 51. Namba hizo mbili si za uongo, kwani ndizo ambazo mteja angekutana nazo akipitia dola, ila pengo la asilimia mbili kila upande limekuwa la asilimia nne. Kwa makadirio ya jumla mimi hutumia bei za kati. Kwa malipo yaliyofanyika kweli, hutumia bei aliyotozwa mlipaji.

Panapohitaji macho zaidi ni pale sarafu ilipopunguziwa sifuri. Ghana iliondoa sifuri nne Julai 2007, cedi 10,000 za zamani zikawa cedi 1 mpya, na Zambia ikaondoa sifuri tatu Januari 2013. Kwa hiyo, mfululizo wa kwacha kwa cedi moja kuanzia mwaka 2006 hadi 2014, ukiandikwa kwa sarafu zilizokuwa zikitumika wakati huo, unapanda takriban mara elfu kumi na baadaye unashuka takriban mara elfu moja, ingawa hakuna aliyetajirika wala kufilisika kwa sababu hiyo. Alama za kimataifa zinasaidia: GHC ni cedi ya zamani na GHS ni mpya, ZMK ni kwacha ya zamani na ZMW ni mpya. Tatizo ni kwamba baadhi ya hifadhi za takwimu zimeshageuza viwango vyote vya nyuma kuwa vya sarafu mpya, na nyingine zimeviacha kama vilivyokuwa, mara nyingi bila maelezo. Kabla ya kutumia mfululizo wowote, gawanya kiwango cha kila mwezi kwa cha mwezi uliotangulia; jibu likikaribia 1,000 au 10,000, au likishuka hadi karibu na 0.001 au 0.0001, umekutana na sifuri, si na soko. Kisha urudi kwenye hati yako, kwa sababu mkataba wa mwaka 2006 umeandikwa kwa cedi za zamani hata kama takwimu zako zimesharekebishwa.

Sarafu zilizofungwa kwenye sarafu kubwa, yaani zenye kiwango kisichobadilika dhidi yake, ni rahisi zaidi, na wakati mwingine jibu huwa kamili kabisa. Hadi Januari 1994, faranga 1 ya Ufaransa ilikuwa sawa na faranga 50 za CFA, sarafu ya nchi kadhaa za Afrika Magharibi na ya Kati, na vilevile faranga 50 za Komoro. Tarehe 12 mwezi huo zote mbili zilishushwa thamani, ile ya CFA hadi 100 na ya Komoro hadi 75. Tangu hapo faranga 3 za Komoro ni sawa na faranga 4 za CFA, na viwango vya euro vilivyofuata, 655.957 na 491.96775, vimeutunza uwiano huo. Jambo la kuangalia hapa ni wastani wa Januari 1994, ambao ni namba isiyo ya siku yoyote ya mwezi ule.

Shirika la Fedha la Kimataifa hutoa wastani wa kipindi na pia kiwango cha mwisho wa kipindi. Mapato na matumizi ya mwaka mzima yanastahili wastani, madeni na akiba vinastahili kiwango cha mwisho, na malipo ya mara moja yanastahili kiwango cha siku yake.

Kiwango rasmi nacho hakiaminiki sikuzote. Ethiopia ilipoiachia birr ielee, yaani bei yake iamuliwe na soko, Julai 2024, dola ilitoka birr 57 hivi ikavuka 70 siku hiyo hiyo, na naira ya Nigeria nayo ilianguka ghafla Juni 2023 masharti yalipolegezwa. Ukikokotoa birr kwa naira kwa kipindi cha kabla ya hapo, unagawanya namba mbili ambazo wananchi wengi hawakuweza kupata dola kwazo. Katika hali hiyo mimi huweka viwango viwili, cha rasmi na cha mitaani, kila kimoja na chanzo chake na tarehe yake, na huwa sichukui kimoja kutoka upande wa rasmi na kingine kutoka mitaani.