Mbuzi awe wa mwisho kununuliwa

Mwaka wa kwanza tulipoandaa kombe la mbuzi, mashindano ya mpira ambayo zawadi ya mshindi ni mbuzi, kijijini kwetu Lindi, njia ya Mchinga, nilianza na mbuzi. Beberu mweusi, kidevu cheupe, nikamfunga chini ya mwembe pembeni ya uwanja ili watu wamwone. Wakaja kweli. Nawe ukitaka kuandaa ndondo, mashindano ya mtaani kama hayo, kwako, usianze nilikoanzia mimi.

Fainali ilikwenda hadi dakika za mwisho bila bao. Magoli yetu yalikuwa mianzi miwili na kamba juu. Winga wetu akaachia shuti la chinichini, mpira ukapita na vumbi lake pale kwenye mwanzi wa kushoto, ukaishia kwenye mihogo ya watu. Umeingia? Umetoka nje? Nusu ya uwanja inashangilia, nusu inazomea. Refa akaweka kati: bao. Sasa, refa alikuwa shemeji yangu, na mimi ndiye katibu wa timu iliyopiga. Sikuwa nimeona ubaya wowote, maana ndiye pekee aliyekuwa na filimbi na akaijua sheria ya kuotea.

Mianzi ikang'olewa ikawa fimbo. Hakuna aliyeumia sana, ila msimu mzima wa korosho watu wa pande zile mbili walisimama kwenye mizani ya chama cha msingi cha ushirika bila kupeana salamu.

Shemeji ananiapia hadi leo kwamba mpira uliingia, nami namwamini. Haikusaidia kitu. Mchezo ni makubaliano matupu: watu wazima ishirini na wawili wamekubali wenyewe kutoshika mpira kwa mkono, ingawa mkono ndio rahisi, na wamekubali kwamba mstari wa majivu una maana. Upande mmoja ukishaanza kushuku, pale panabaki watu na mpira tu.

Hata Waingereza walipita hukohuko. Zamani kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa alikaa nje ya uwanja akisubiri kuulizwa wale wawili wasipoelewana. Mwaka 1891 ndipo alipoingizwa ndani na kupewa uamuzi, na mwaka huohuo nyavu za magoli zikaanza kutumika, kazi ya injinia wa Liverpool aitwaye John Alexander Brodie. Sisi tulikuwa tumechelewa miaka mia na ushei, basi.

Mwaka wa pili nikaenda kwanza kwa mzee mmoja mvuvi.

“Shikamoo mzee. Nimefuata wavu chakavu, wa goli.”

“Marahaba. Huo una matundu, mwanangu, hata changu anapita.”

“Mpira hautapita, mzee.”

Refa tukamtoa Lindi mjini, asiye na ndugu kwetu. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na chakula. Jina lake manahodha wote wawili walilikubali wiki moja kabla, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Hilo usiliruke hata kama refa ni malaika. Mgeni rasmi akileta jezi pokea, ila saa ya kuanza isimsubiri. Wa kwetu alichelewa, tukamaliza gizani. Na dada zetu wa netiboli wapewe siku yao kamili, si ile nusu saa ya kuchangamsha watu.

Wapo wanaosema vijana wacheze wawe kama wa Namungo. Ni kweli, timu hiyo ya Ruangwa kufika fainali ya Kombe la Shirikisho na Simba mwaka 2020 ilitupa raha Lindi nzima. Lakini kwenye timu ya kijiji wa kufika huko ni mmoja, akipatikana. Waliobaki wataendelea kuwa majirani, na mimi naandaa kombe kwa ajili yao. Sijui mahali pengine ambapo kijana anazoezwa kukubali, mbele ya kijiji kizima, uamuzi asioupenda, kisha akaenda kuoga.

Fainali ya ule mwaka wetu wa pili, shuti likazama wavuni, likapenya kwenye tundu, likaishia kwenye mihogo ileile. Kimya. Mzee mvuvi akajiinamia. Refa akaonyesha kati. Macho yote kwa nahodha wa waliofungwa. Akasimama kidogo, mikono kiunoni, kisha akaufuata mpira mwenyewe kwenye mihogo, akaja kuuweka kati.