Barua kwa mwanangu kuhusu injini ya Peugeot

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumatano, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili mama yako naye asikie. Unauliza kama ufuate ushauri wa fundi wako wa hapo Arusha, yaani uing'oe injini ya ile 504 na kuweka ya Toyota, kwa sababu gari linachemsha kila unapokwama kwenye foleni ya Sakina au unapopandisha kuelekea Ngaramtoni. Nitakujibu, lakini kwanza nami nina swali: ni nani aliyeipima injini hiyo akaona kwamba ndiyo inayoumwa?

Gari halichemshi ghafla. Umenisikia nikilisema hili tangu ulipokuwa ukidhani kwamba ile 1971 kwenye kadi ni mwaka, kumbe ni ujazo wa injini. Kabla ya kuchemsha, gari hutoa taarifa kwa wiki kadhaa, na kwa kawaida taarifa hiyo humfikia mtu ambaye hataki kuipokea.

Sasa tazama maneno yako mwenyewe: foleni na mlima. Hukuandika kwamba linachemsha ukiwa unateremka kuja Moshi kwa mwendo wa kilomita themanini kwa saa. Kwenye barabara iliyonyooka upepo wenyewe huipoza rejeta, pale maji ya injini yanapopitia ili yapoe, lakini kwenye foleni na mlimani mwendo ni mdogo, kwa hiyo kazi yote huangukia feni. Feni ya 504 haifanani na za magari mengi ambayo fundi wako ameyazoea. Haikufungwa moja kwa moja kwenye pulei, lile gurudumu linalozungushwa na mkanda wa injini, bali hushikwa na sumaku ya umeme pale tu maji yanapopata moto, na umeme huo huifikia sumaku kupitia kaboni ndogo inayosuguana na chuma kinachozunguka. Kaboni ikiisha, feni haishiki. Hila yake ni kwamba haisimami kabisa. Huendelea kuzunguka kivivu kwa kukokotwa na beringi, na mtu akifungua boneti anaiona inazunguka na kuridhika.

Mimi niliridhika hivyo hivyo. Nadhani ulikuwa na miaka sita, na unachokumbuka wewe kuhusu Krismasi ya mwaka 1982 ni kwamba ulipanda lori, lakini hukuwahi kuelezwa kwa nini. Tulikuwa tukiishi Arusha, ambako ubaridi wa mji ule uliyafunika makosa yangu. Nilikwisha kuona kwamba feni ile haivumi kama zamani, nikajiambia kwamba nitaishughulikia baada ya sikukuu. Tukapakia sukari na sabuni za miche tulizokuwa tumezikusanya tangu Septemba, mjomba wako akakaa mbele, nami njia nzima nikawa namsimulia jinsi Bert Shankland alivyoshinda mbio za magari za Safari mara mbili mfululizo, mwaka 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404, kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

Hadi Himo hapakuwa na tatizo. Tulipoanza kupandisha Marangu, mama yako, aliyekuwa nyuma amekupakata, alisema, "Baba, mshale umepanda." Nikamjibu kwamba kipimo cha joto ni kibovu. Kilikuwa kizima. Nilijua ni kizima, lakini shemeji yangu alikuwa amekaa pale mbele, na maneno ya mbio za Safari yalikuwa bado mdomoni mwangu. Baada ya kona mbili injini ilipoteza nguvu, moshi mweupe ukatoka, tukasimama kando ya mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachaga. Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo pengine lilikuwa kubwa kuliko la kwanza: sikusubiri ipoe, bali nilimtuma mjomba wako achote maji ya mfongo kwa sufuria ya pilau, tukayamimina ndani ya injini iliyokuwa ikiunguza mkono kwa mbali. Silinda hedi ya 504, yaani kifuniko cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, na bloku iliyo chini yake ni ya chuma. Maji yale ya mlimani yaliipinda hedi, na gasketi inayoziba kati ya hivyo viwili ikaungua.

Mliupanda mlima kwa lori lililokuwa likirudi tupu kutoka sokoni Himo. Mama yako hakuniambia "nilikuambia", si siku ile wala hadi leo. Ila kila Krismasi tukifika kwenye kona ile, husema kwa upole kabisa kwamba hapa pana maji mazuri.

Mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa tangu mwaka 1977, na gasketi ya 504 haikupatikana Moshi wala Arusha. Ilikuja baada ya miezi kadhaa kwa njia ambayo mjomba wako hakuieleza, na kwa kuwa mwaka 1983 ulikuwa mwaka wa kuwasaka wahujumu uchumi, sikuona busara kumuuliza.

Kwa hiyo, kabla hujamlipa fundi, fanya haya. Injini ikiwa imezimwa, peleka umeme wa betri kwenye waya wa kaboni; sumaku ikiwa nzima utasikia feni ikijibana. Isipojibana, boliti za kurekebishia nafasi zikikazwa feni itagandamana na pulei, nawe utaweza kutembea hivyo hadi upate kaboni. Uliza pia kama themostati, kile kifaa kinachodhibiti joto la maji, bado imo, maana mafundi wengi huing'oa na kuitupa. Asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, utazame kama maji yanatoa mapovu mfululizo; kisha chomoa kijiti cha oili. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, hapo nitakubali kwamba kuna ugonjwa ndani.

Hata hivyo, ugonjwa huo una tiba. Hedi ikifunguliwa, isawazishwe kwa mashine, na mtu yeyote asiizungushe injini wakati hedi haipo, kwa sababu laina za 504, yaani mirija ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji na hushikiliwa na hedi hiyo hiyo. Zikiinuka kidogo tu, mipira ya chini huvuja, na maji huingia kwenye oili. Baadaye weka kulanti, dawa ya kupozea injini, si maji ya bomba peke yake, la sivyo aluminiamu italika polepole bila wewe kujua.

Najua utasema nini. Spea za Toyota zinauzwa kila kona, fundi wa 504 hutafutwa kama mganga, nawe una kazi na watoto, huna Jumamosi za kulala chini ya gari kama nilizokuwa nazo mimi. Ni kweli. Ulaya waliacha kuliunda gari hili mwaka 1983, na sikulikabidhi kwako ili likutese. Namba ya injini imo kwenye kadi, kwa hiyo utalazimika kupita TRA, lakini hilo si jambo la kumzuia mtu. Nikiwa mkweli, wapo watu waliofanya hivyo na magari yao yanatembea vizuri kuliko letu. Lakini je, hilo litakuwa bado ni lile gari? Tena, ukiweka injini mpya nyuma ya rejeta iliyoziba, nayo itachemsha. Gari ni lako, sitakuamulia, ingawa kalamu imekwisha kunivuta mara tatu niandike neno "usiweke".

Ndani ya bahasha hii nimekufungia kaboni mbili kutoka kwenye lile kopo la kahawa la stoo. Zifungwe na mtu mwenye subira. Mama yako anakusalimu, na anauliza kama mshale unafanya kazi.

Ni mimi baba yako,
Moshi