Toka Kwanza: Kwa Wageni wa Gofu ya Diski Kwenye Mikorosho Yetu

Mchezo wetu ni kurusha diski mpaka iingie kapuni kwa mitupo michache iwezekanavyo. Kila muhula wageni wanakuja uwanjani na kosa lile lile, nami nililifanya kabla yao: wanaangalia kapu. Mtu amesimama pa kuanzia, kapu analiona kwa mbali kati ya mikorosho, mita 80 hivi, mkono unamwasha. Anavuta, anarusha kwa nguvu zote. Diski inagonga mkorosho wa kwanza, paa! Inarudi nyuma ya mgongo wake. Mtupo mmoja umeshaliwa na hajasogea hata hatua.

Kapu lisahau. Tafuta mwanya ulio mbele yako mita 15 au 20, ule mpana kuliko mingine, hata kama unakupeleka pembeni kidogo, kisha jiulize ukipita hapo diski itatua wapi na mtupo unaofuata utauonaje. Nyuma ya mabweni yetu hapa Tanga hakuna shimo (ndivyo tunavyoita njia kutoka pa kuanzia mpaka kapu lake) hata moja kati ya yote 9 linalomnufaisha mwenye mkono mrefu. Waliocheza mpira wa mikono sekondari ndio wanaoteseka zaidi.

Niwape mfano wa shimo la 5, maana ndipo wengi mtalia. Njia inapinda kushoto, kulia kuna kichaka, na mbele kuna miembe miwili ya zamani iliyoachana kwa upana wa mlango wa bweni. Mwaka wangu wa kwanza mtupo wa kwanza uliniingiza kichakani. Ningeweza kurudisha diski njiani kwa mtupo wa mita 6, wa aibu aibu hivi, au kupenya kati ya ile miembe. Mwenzangu akaniambia, "Toka kwanza, shehe." Nikamwona mwoga. Nikarusha: mwembe wa kushoto. Nikarusha tena: mwembe wa kulia, na safari hii diski ikarukia kwenye mikonge iliyobaki toka enzi za shamba. Shimo linalotarajiwa kumalizwa kwa mitupo 3 nikalimaliza kwa 9. Yeye naye alikuwa kichakani, mita mbili tu kutoka kwangu. Alitoka kwa mtupo wake mfupi, akamaliza kwa 4. Siku hizi mimi ndiye ninayesema "toka kwanza", na ninyi ndio mnaoniona mwoga.

Ukiwa kichakani mara nyingi huna pa kuvutia mkono, na matawi ya mkorosho yanainama mpaka usawa wa kifua. Kwa hiyo jifunzeni kurusha mkiwa mmesimama tuli, kisha mkiwa mmepiga goti. Nusu saa ya mazoezi hayo itawafaa kuliko wiki nzima ya kurusha mbali kwenye uwanja wa mpira. Na msivunje tawi ili mpate nafasi. Sheria inataka usimame pale utakapousumbua mti kidogo iwezekanavyo.

Jambo jingine ni mkunjo. Anayetumia mkono wa kulia akirusha kwa nyuma ya mkono, kama anayerusha kifuniko cha sufuria, diski ikipungua mwendo huangukia kushoto. Akirusha kwa mbele, kiganja kikitazama juu, huangukia kulia. Mwenye aina moja tu ya mtupo kwenye miti ameshajifungia nusu ya mianya. Mimi nilikaa mwaka mzima bila ule wa mbele, kwa uvivu tu.

Kuhusu diski zenyewe: ile ya kasi, yenye ukingo mwembamba, iacheni begini kwa sasa. Inataka mkono wa haraka. Ukiirusha taratibu inakimbilia kushoto kila mara na utadhani una mkosi. Chukueni ya kasi ya kati na ile ya polepole ya kumalizia karibu na kapu. Na diski kuukuu msiidharau. Ikishagonga miti mwaka mmoja au miwili inalegea, inaanza kwenda moja kwa moja au hata kuelea kulia kwanza, na huo ndio mkunjo usioupata kwenye diski mpya. Rangi nayo ni hesabu. Ya kijani inapotea majanini, ya machungwa inapotea kwenye majani makavu ya mkorosho. Ya waridi ndiyo inayorudi nyumbani. Ikipotea mna dakika 3 za kuitafuta. Zikiisha unaongezewa mtupo mmoja na unarudi kurusha pale ulipotokea.

Mkiingia kuitafuta, angalieni upupu. Kuna kona ya shimo la 7 umetanda juu ya ua, maganda yake yana manyoya ya kahawia yanayovutia kama mahameli. Ukikugusa usijikune na usikimbilie bomba. Sisi hupaka majivu au udongo mkavu, tukasugua polepole. Kwenye mkonge tumia fimbo kuvutia diski, msipeleke uso. Ncha ile inatoboa jicho.

Makapu yetu msiyacheke. Kapu la minyororo alilibuni Ed Headrick huko California miaka ya 1970; kabla yake watu walilenga miti na nguzo tu. Yetu fundi wa kuchomelea kule Ngamiani aliyaunga kwa ringi za baiskeli, na kwa mji huu wa baiskeli ringi hazikosekani. Minyororo ni michache, kwa hiyo diski ya nguvu inapita katikati na kutokea upande wa pili. Ukiwa ndani ya mita 10 tupia taratibu, kifua kikitazama kapu, na usivuke pale uliposimama mpaka umetulia.

Halafu watu. Njia ya kwenda maktaba inakata shimo la 2 na la 3. Diski ya gofu ina ukingo mgumu, si kama ile ya kuchezea ufukweni, na ikimpata mtu kichwani inapasua. Akipita mtu, subirini apite; na diski ikishatoka mkononi na kupotoka, piga kelele "Diski!" bila kuona haya. Msimu wa korosho, kuanzia Oktoba hivi, watoto wa jirani wanaokota chini ya miti na wamejificha kabisa. Salimianeni nao kwanza. Wao ndio wanaojua diski zote zilipolala.

Ile ya njano iliyokwama juu ya mwembe wa shimo la 4 ni yangu, ina miezi minne pale. Upepo wa kusi ukiishusha, namba ya chumba nimeiandika kwa nyuma.