Akiba ya ndani: anza na mahindi

Dada wa Uyole, umeuliza uweke nini ndani endapo malori ya kutoka Dar yatakwama kwenye mlima Kitonga. Unga usijaze, huharibika mapema. Nunua mahindi wakati wa mavuno, bei ikiwa bado chini, ila hakikisha yamekauka: tia konzi moja ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yaliyokauka yaweke kwenye mifuko ya kinga njaa, ile ya matabaka isiyopitisha hewa, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Dawa ya wadudu hutahitaji. Maharage vilevile. Sabuni na mafuta ya kula ongeza kidogokidogo kila mshahara. Gesi, mtungi wa pili unatosha. Na hayo madumu ya petroli chumbani, shoga? Toa leo.