Mwanangu, zile kadi za mzee usizitume zote

Mwanangu,

Meseji yako ya jana nimeisoma nikiwa kazini na picha zote nimezifungua moja moja. Umeuliza lile boksi la kadi za besiboli alilokuachia mzee jirani yetu, uzitume zikagrediwe au uziuze hivohivo zilivyo. Nilitaka kukupigia nikaona simu haitatosha, ngoja nikuandikie.

Kwanza ujue unalipia nini. Hawa PSA na SGC, kampuni za kugredi yani kupima kadi, wanaangalia kama kadi ni ya kweli na haijachezewa, halafu wanaangalia hali yake, wanaipa namba kuanzia 1 mpaka 10 na kuifungia kwenye kasha la plastiki ngumu ambalo huwezi kulifungua bila kulivunja. Yani mnunuzi aliye Texas ambaye hajawahi kuishika hiyo kadi analala usingizi. Sasa jiulize kila kadi, mnunuzi wake ana wasiwasi gani? Kadi ya dola 8 nani atahangaika kuigushi, na ada ya kugredi kadi moja ya bei ndogo inazidi bei ya kadi yenyewe, bado posta na bima, na kadi ikiwa ya thamani kubwa ada nayo inapanda.

Ndo maana yale mafungu ya 1987 mpaka 1990, ambayo ni zaidi ya nusu ya boksi, weka pembeni kabisa. Miaka ile walichapisha nyingi mno na watu wakazifungia vizuri wakitegemea zitawasomeshea watoto, matokeo yake mpaka leo zimejaa kila mahali, tena zikiwa safi. Wape watoto wa kanisani wacheze nazo.

Kadi ya kuangalia kwa makini ni ile ya Roberto Clemente ya 1955 iliyochapishwa na kampuni ya Topps, iliyolala kwa upana, yenye sura yake na picha nyingine ndogo akiwa mchezoni. Hiyo ni kadi yake ya mwaka wa kwanza ligi kuu na hapa Pittsburgh sihitaji kukueleza Clemente ni nani, nyota wa timu yetu ya Pirates, hit (mipigo iliyomfikisha salama kituoni) 3,000 kamili, halafu tarehe 31 Desemba 1972 ndege ikaanguka naye akipeleka msaada kwa watu wa tetemeko kule Nicaragua. Hiyo itume. Nimeuona mkunjo kwenye pembe ya chini, haitapata namba kubwa, pengine 2 pengine 3, lakini hata ikiwa imechoka hivo bado ni mamia ya dola na kuzidi, na kadi ya bei hiyo ndo watu wanaigushi au kuikata kingo zilizochakaa ili ionekane mpya, kwa hiyo bila kasha kila mnunuzi atakupunja akisema sina uhakika. Kabla ya kuituma chukua rula uipime, Topps za mwaka ule ni inchi 2 na 5/8 kwa inchi 3 na 3/4, ikipungua hata kidogo niambie kwanza usilipe kitu.

Na hili la kukatwa usilichukulie kirahisi. Ile kadi maarufu kuliko zote, ya Honus Wagner wa toleo la T206, kadi za zamani za pakiti za sigara, naye alikuwa wa Pirates hawahawa wetu, ambayo Wayne Gretzky yule mchezaji wa hoki na mwenzake walinunua 1991 kwa dola 451,000, PSA waliipa 8, halafu mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara wa kadi aliyewahi kuimiliki, akakiri mahakamani kwamba aliikata kingo zake. Kadi kubwa kama ile! Mimi mwenyewe mwaka niliokuwa nanunua vitu kwenye gereji za watu nilipata kadi 14 zinang'aa, pembe kali kama wembe, nikazituma zote kwa furaha bila kuzipima, tisa zikarudi zimeandikwa zimekatwa na hela ya kodi ya mwezi ule ikawa imekwenda. Mama yako anaikumbuka vizuri. Tangu siku hiyo pembe kali sana kwenye kadi ya zamani inanitia shaka badala ya kunifurahisha.

Zile za 1971 zenye kingo nyeusi ni nzuri kwa macho ila weusi ule unabanduka hata ukizishika tu, kwenye picha zako naona vidoadoa vyeupe kila upande. Namba 4 au 5 hizo. Sasa fanya hesabu hivi, ingia eBay, lile soko la mtandaoni, uangalie zilizokwishauzwa, achana na bei wanazotaja wauzaji maana kutaja bei ni bure, tafuta iliyouzwa bila kasha na iliyouzwa ikiwa na namba 4, toa ada, toa posta, kama kilichobaki hakikufurahishi uza hivohivo. Usitafute bei ya 9! Kila mtu anaangalia bei ya 9 wakati kadi yake ni 4, hapo ndo hela zinapopotelea. Tumia ile lenzi ndogo ya sonara, zima taa ya chumba, uilaze kadi uimulike na tochi kutoka ubavuni, mikunjo ambayo hukuiona mchana itajitokeza yote. Halafu geuza nyuma, watu wanasahau nyuma, doa la nta au la gundi ya albamu linashusha namba vilevile.

Usisafishe chochote. Usifute, usinyooshe pembe, usiweke chini ya kitabu kizito. Na zile rababendi zitoe leo hii.

Halafu ipo moja umenitumia mwishoni, ya 1965, ukasema imeharibiwa na kalamu. Hiyo mwanangu nimeitazama muda mrefu. Topps miaka ile walikuwa wanamwandika Bob Clemente na mwenyewe alikuwa hapendi, jina lake Roberto, sasa mzee akiwa mtoto amekata ile Bob kwa kalamu ya wino akaandika Roberto juu yake kwa mwandiko wa kitoto. Kwa wapimaji hiyo ni kadi iliyochorwa na namba itaanguka, sokoni ni dola chache. Usiitume na usiiuze, wala usijaribu kuutoa wino. Mpelekee binti yake mzee, yule wa Cleveland, umuulize kama anaijua, na asipoitaka nitaichukua mimi.

Jumamosi nipo nyumbani kuanzia saa nane mchana, njoo na boksi na rula, lenzi ninayo.

Baba yako