Gitaa kubwa au dogo? Anza na bega lako

Swali: Shikamoo fundi. Naongoza nyimbo kwenye kwaya ya vijana, na nyumbani napenda kudonoa kwa vidole, mtindo wa galatoni. Nimeweka akiba ya gitaa kavu moja tu. Dukani wananiambia nichukue dredinoti, lile gitaa kubwa la bodi pana, kwa kuwa lina sauti, ila nikilipakata bega la kulia linaniuma. Mimi ni mfupi. Kuna dogo nimelipenda, naogopa halitasikika. Nichukue lipi?

Jibu: Marahaba mwanangu. Chukua dogo.

Bega haliumi kwa uzito, linaumia kwa unene wa bodi. Dredinoti ina upana wa karibu sentimita 40 na unene wa sentimita 12 hivi, kwa hiyo mkono hupanda juu ya ukingo ndipo ushuke kwenye nyuzi. Gitaa dogo kama lile la umbo la 000 la Martin, kampuni ya magitaa ya Marekani, lina upana wa sentimita 38 na unene wa kama 10.5. Tofauti unaiona ndogo, lakini kaa nayo mazoezi ya saa mbili.

Sasa sauti. Martin walitengeneza dredinoti za kwanza mwaka 1916 kwa kampuni ya Ditson ya Boston, wakazipa jina la manowari ya Uingereza. Ubao wake mpana unataka nguvu. Ukicharaza kwa piki, kile kijibao cha kupigia nyuzi, besi inajaa chumba. Ukidonoa kwa ncha za vidole, besi ile ile inakugeuka. Msikilize Jean Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, yule ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Katanga mwaka 1952: gumba linatembea na besi, kidole cha shahada kinaimba, na kila kimoja unakisikia peke yake. Kwenye gitaa kubwa, gumba humeza shahada.

Kanisani kama mna spika, usiwe na hofu hata kidogo. Mbele ya maikrofoni dredinoti hunguruma, na fundi mitambo ataipunguza besi tu, hasa kama kuna gitaa la besi na kinanda. Ningekushauri kubwa kama ungekuwa unaongoza uwanjani bila umeme, kwa piki.

Kabla hujalipa, kaa kwenye kiti kisicho na mikono, piga dakika kumi mfululizo. Kisha mwombe mwenzako apige, wewe usimame hatua nne mbele yake. Gitaa hutupa sauti mbele. Anayelipiga hulisikia hafifu kuliko msikilizaji, na wengi wameacha gitaa zuri dukani kwa sababu hiyo.

Beba na futi kamba. Si kila gitaa dogo lina nyuzi fupi. Pima kutoka kijiti kinachobeba nyuzi kule kichwani hadi freti ya 12 (kile kijiti cha chuma cha 12 shingoni), zidisha mara mbili. Ukipata milimita 632 badala ya 645 za dredinoti, nyuzi za unene ule ule zitalegea kwa takriban asilimia 4, na vidole vya mkono wa kushoto vitapumua.